Tochi Mpya ya Sonara

Karakana ya sonara ilikuwa stoo ya nyumba kabla hajaigeuza kuwa chumba cha kazi. Ilikuwa uani, imepakana na jiko, na mlango wake ulikuwa mfupi kiasi kwamba Inspekta alilazimika kuinama kuingia. Koplo aliyemfuata nyuma hakuinama kwa wakati. Alijishika paji la uso, akauambia mlango samahani, kisha akafungua daftari lake.

Ilikuwa Jumatano asubuhi. Sonara alifariki Jumapili, baada ya kuugua siku tatu tu, na mpaka saa hiyo alikuwa hajazikwa. Dada yake ndiye aliyezuia maziko. Jumapili hiyohiyo alikwenda kituoni kwa miguu, macho yamevimba, akaandikisha maelezo kwamba kaka yake amelishwa sumu na mke wake. Mwili ukapelekwa kwa daktari wa uchunguzi. Mbele ya nyumba viti vya waombolezaji vilipangwa, lakini waliokaa walikuwa wachache, na kila mjane alipotokeza mlangoni walitazama pembeni.

Inspekta alikuwa mwanamke wa makamo asiyependa kugusa kitu kabla hajakitazama vya kutosha. Alisimama katikati ya karakana, mikono nyuma. Meza ya sonara ilikatwa kwa umbo la nusu mwezi upande wa kukalia, na chini ya mkato huo palining'inizwa kipande cha ngozi cha kudakia chembe za fedha zinazodondoka. Juu yake kulikuwa na koleo, tupa, nyundo ndogo, bakuli la asidi lililofunikwa, na matofali mawili meupe yasiyoshika moto. Ukutani, kwenye msumari, ilitundikwa tochi ndogo ya gesi, ile ya kujazwa kama kiberiti. Ilikuwa imeshikwa miaka mingi mpaka rangi ya mpini imefutika.

Chini ya meza kulikuwa na mtungi wa gesi kama wa jikoni. Mpira mwekundu, mpya kabisa, ulitoka kwenye mtungi ukapanda mpaka kwenye tochi nyingine, ndefu, yenye mdomo mpana kama kikombe cha kahawa. Karatasi ya duka ilikuwa bado imebandikwa mpinini.

"Fundi mmoja, tochi mbili," alisema Inspekta. "Andika."

Koplo aliandika. Alikuwa na sifa ya kuandika kila kitu, na wenzake kituoni walimtania kwamba hata akipiga chafya huandika saa na dakika.

Dirisha lilikuwa moja, limefungwa, na juu yake lilipigiliwa blanketi zito. Nyuma ya mlango kulikuwa na matambara yaliyosokotwa, ya kuziba mwanya wa chini. Koplo alitazama mtungi, akatazama dirisha, akauliza kama mzee wa watu hakuuawa na gesi tu, mambo yakaisha. Inspekta alitikisa kichwa. Gesi ingemuua humuhumu, alisema, au ingelipua chumba. Isingemwachia atoke, afunge mlango, aingie ndani kulala, kisha afe siku ya tatu.

Alichuchumaa mbele ya matofali. Pale moto ulipokuwa ukipiga palikuwa pamebabuka, hilo halikumshangaza. Kilichomfanya avae miwani ni vumbi laini lililozunguka pale, rangi yake kati ya manjano na kahawia. Aliinua uso. Vumbi lilelile, jembamba, lilikuwa limegandia ukutani juu ya meza na kwenye dari. Alilikwangua kwa wembe, akalitia kwenye bahasha. Kando ya matofali alikuta waya mwembamba wa lehemu ya fedha, ile wanayoyeyushia masonara ili kuunga vipande. Ulikuwa umeviringwa ndani ya karatasi kuukuu isiyo na jina la kiwanda wala namba. Nao aliutia kwenye bahasha.

Koplo ndiye aliyefungua mtoto wa meza. Nyuma ya tupa, ndani ya kitambaa cha kufutia miwani, kulikuwa na bangili mbili za fedha, pana kama vidole vinne, zimechorwa majani membamba yanayofuatana. Ya kwanza ilikuwa na muungo safi, hauonekani mpaka uutafute kwa ukucha. Ya pili ilikuwa imeungua ukingoni. Fedha ilianza kuyeyuka pale, ikakunjamana kama ngozi ya maziwa.

"Za mwanamke," alisema Koplo.

Inspekta alizifunga tena kwenye kitambaa chake.

Mjane aliwapokea sebuleni. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, aliyejibu swali na kunyamaza pale jibu linapoishia. Mumewe, alisema, alikaa meza ya sonara katika duka moja la vito kwa karibu miaka thelathini, mpaka macho yalipoanza kumsumbua. Ndipo alipochukua vifaa vyake akavileta nyumbani, akawa anafanya kazi ndogondogo za kujifurahisha: pete, vikuku vya watoto, kuunga mikufu iliyokatika. Siku zote alifanya mlango ukiwa wazi, redio ikiwaka.

Alhamisi jioni alitoka karakana akisema koo linamkwaruza. Usiku akatetemeka, jasho likalowesha shuka. Asubuhi walikwenda zahanati, akaambiwa ni mafua makali, akapewa vidonge. Ijumaa hiyo alipata nafuu kidogo, hata akanywa supu. Jumamosi kifua kikambana. Jumapili alishindwa kabisa kuvuta pumzi, na walipomfikisha hospitali alikuwa ameshakata roho ndani ya gari la jirani, kichwa chake mapajani mwa mkewe.

Inspekta alimwacha amalize. Kwenye ukuta wa sebule palitundikwa picha ya familia: sonara kasimama katikati, mkewe kulia kwake, dada yake kushoto, wote watatu wakicheka kitu kilichokuwa nje ya picha. Inspekta aliomba ruhusa, akaipiga picha kwa simu yake.

"Kuna jambo hujaniambia, mama," alisema akikaa tena.

Mjane alitazama mikono yake. "Tulikuwa hatusemezani."

Alieleza kwa maneno machache. Siku moja alimpelekea mumewe chai karakana, akakuta mlango umekomewa kwa ndani, jambo ambalo halijawahi kutokea. Alichungulia kwenye mwanya. Alimwona anapiga tupa bangili pana ya kike. Alipomuuliza baadaye, sonara alisema ni kazi ya mtu tu, kisha akabadilisha mazungumzo. Kesho yake blanketi likapigiliwa dirishani.

"Miaka thelathini hajawahi kunificha kazi," alisema. "Nilijua ni za mwanamke, na nilijua mwanamke huyo si mimi. Nikanuna. Nikawa napika, naweka mezani, naondoka. Siku tisa. Nilipomwona anatetemeka ndipo nilipomwuliza, una nini."

Koplo alisita kuandika, kisha akaandika.

Inspekta aliuliza kuhusu tochi mpya. Mjane hakujua kama kuna tochi mpya. Kuhusu kwenda dukani na mumewe kununua vifaa, alisema hajawahi kwenda hata siku moja, kwa sababu mumewe angeweza kukaa saa nzima akibishana juu ya tupa moja.

Nje, wakielekea kwenye gari, Koplo alisema kwa sauti ya chini kwamba mambo ni wazi. Mke ana wivu, mume ana bangili za mwanamke mwingine, na chakula kinapikwa na mke. Pia kulikuwa na yale maelezo ya dada. Sonara alimpigia simu Ijumaa akamwambia kwamba chai yote anayopewa ina ladha ya ajabu, kama chuma. Dada alikuwa ameyarudia maneno hayo mara tatu kituoni, na mara zote tatu Koplo aliyaandika.

"Ladha hiyo aliisikia kwenye chai tu?" aliuliza Inspekta.

Koplo alifunua kurasa. Haikuandikwa.

Daktari wa uchunguzi wa maiti alikuwa mtu mfupi, mpole, aliyewaita marehemu wake wagonjwa kana kwamba wataamka. Aliwaambia kwamba mgonjwa huyu tumbo lake ni safi. Hakukuwa na sumu ya panya, wala ya wadudu, wala dalili ya kitu kilichochoma utumbo. Ila mapafu yalikuwa mazito, yamevimba, yamejaa maji, kama ya mtu aliyezama.

"Amezama nchi kavu," alisema. "Kazi yake ilikuwa nini?"

Inspekta alimweleza, kisha akaweka mezani zile bahasha mbili. Daktari aliifungua ile yenye vumbi, akalitazama karibu na dirisha, na kwa mara ya kwanza akaacha kutabasamu. Alisema kuna madini yanaitwa kadimi. Zamani yalichanganywa kwenye lehemu ya fedha ili iyeyuke upesi na itambae vizuri. Ukiipasha kwa kiasi, pengine utanusurika. Ukiizidishia moto, kadimi inachemka, inakuwa moshi, na moshi huo ukipoa huacha vumbi la rangi hii. Mwenye kuuvuta hasikii kitu kikubwa saa ileile. Jioni koo humkwaruza, usiku hutetemeka, na kila anayemtazama husema ni mafua. Kesho yake hupata nafuu, akadhani amepona.

"Na mdomoni?" aliuliza Inspekta.

"Ladha ya chuma. Wengine husema tamutamu. Kila anachokunywa kina ladha hiyo, hata maji."

Alionya kwamba hayo ni maneno ya mdomo tu mpaka maabara ipime waya, vumbi na vipande vya mapafu. Majibu yangepatikana Ijumaa asubuhi.

Alhamisi walikwenda duka lililotajwa kwenye karatasi ya tochi. Lilikuwa duka refu, jembamba, la vifaa vya mafundi, na muuzaji wake alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu aliyefunga nywele kwa kipande cha waya wa umeme. Inspekta alipotoa ile tochi kwenye mfuko, binti aliitambua papo hapo. Aliuza mbili tu za aina hiyo mwezi ule. Mteja wa hii alikuwa mzee mwenye miwani minene, alikuja Jumanne ya wiki iliyopita, na alikuwa mcheshi. Alimwambia kwamba fundi asiyebishana dukani anaharibu heshima ya ufundi. Inspekta hakumwambia kwamba mzee huyo amekufa. Alitaka kwanza kumsikia.

Alimwomba amweleze jinsi mzee alivyochagua, hatua kwa hatua. Binti alifurahi kuulizwa. Alipanga tochi tatu juu ya kaunta. Hii ndogo ya kujaza, alisema, ni ya pete na mikufu. Moto wake ni kama ncha ya kalamu. Mzee alikuwa nayo kwake, na ilikuwa imemshinda, kwa sababu alikuwa anaunga bangili pana. Fedha haikai na moto mahali pamoja. Ukiipasha hapa, moto unakimbilia kule, kwa hiyo kitu chote lazima kiive pamoja, la sivyo lehemu inakataa kutiririka. Hii ya pili inatumia mtungi wa gesi wa kawaida, na midomo yake inabadilishwa: mdogo, wa kati na mkubwa. Hii ya tatu inataka na mtungi wa oksijeni. Hiyo alimkataza kabisa kwa kazi ya nyumbani, maana ungeyeyusha bangili kabla hujakohoa.

"Nikamwambia achukue ya pili, na mdomo wa kati," alisema. "Tena nilimwambia, kama lehemu yako ni laini hivyo, wa kati unatosha na kubaki. Akacheka. Akasema macho yamechoka, anataka moto anaouona. Akachukua mkubwa."

"Ulijuaje kama lehemu yake ni laini?"

Binti alisema mzee mwenyewe alimwonyesha. Walikuja na sanduku la bati, la zamani, wakaliweka pale pale juu ya kaunta. Mzee alitoa waya uliofungwa kwenye karatasi, akasema ni wa marehemu baba yake, unayeyuka kama siagi, siku hizi hawatengenezi kitu kama hicho.

Inspekta aliinua kichwa. "Walikuja? Yeye na nani?"

"Na mama mmoja. Ndiye aliyebeba sanduku."

Koplo aliacha kuandika akamtazama mkuu wake. Mjane alisema hajawahi kukanyaga dukani na mumewe. Inspekta alitoa simu, akafungua ile picha ya sebuleni, akaisogeza kwenye kaunta. Kidole cha binti hakikusita. Kilipita juu ya uso wa sonara, kikaenda kushoto.

Alikuwa ni dada.

Ndipo Inspekta alipomuuliza binti kama amewahi kusikia habari za kadimi. Binti alisema ndiyo, lehemu za zamani nyingi zilikuwa nayo, wao hawaziuzi tena. Alianza kueleza kwa nini, kisha akaishia katikati ya sentensi. Aliitazama tochi, akamtazama askari mmoja, akamtazama mwingine.

"Yule mzee yuko wapi?" aliuliza.

Inspekta alimwambia. Binti alikaa kwenye kigoda nyuma ya kaunta, na kwa muda walichokiona ni fundo la waya kwenye nywele zake tu. Alisema alikuwa na wateja wengine siku ile. Alisema aliuona ule waya kwa macho yake na hakuuliza ni wa mwaka gani. Inspekta alimwambia kwamba hakuna aliyemtuhumu kwa lolote. Hilo halikumsaidia.

Majibu ya maabara yaliingia Ijumaa saa tatu asubuhi. Waya ulikuwa na kadimi nyingi. Vumbi lilikuwa na kadimi. Mapafu pia.

Dada wa sonara alikuwa fundi cherehani, anaishi peke yake mitaa mitatu kutoka kwa kaka yake. Waliona sare za shule zilizokatwa nusu zimelundikana juu ya meza, na cherehani imefunikwa kwa shuka kwa sababu ya msiba. Alipowafungulia, kitu cha kwanza alichouliza ni kama wameshamkamata. Inspekta alisema bado, akaomba wakae.

Alianzia kwenye tochi. Dada alishangaa.

"Hiyo inahusiana nini na sumu, Afande?"

"Nieleze tu."

Alieleza, kwanza kwa kusitasita kama mtu anayetoa siri ya mwingine, kisha kwa moyo mmoja. Wakati yeye anaolewa, nyumba yao haikuwa na kitu. Wifi yake, ambaye alikuwa bibi harusi wa mwaka mmoja tu, alivua bangili zake mbili za fedha akampa mumewe ayeyushe, amtengenezee dada yake kidani cha kuvaa siku ya harusi. Hakuombwa. Alivua tu. Ndoa ya dada ilikuja kuvunjika, lakini kidani alibaki nacho miaka yote hiyo. Mwezi uliopita alikifunga kwenye kitambaa akampelekea kaka yake. Alimwambia wifi anatimiza miaka thelathini ndani ya nyumba hii na mikono mitupu, mrudishie. Kaka yake alikichukua akakililia machozi, halafu akamtania kwamba muungo wa kidani ulikuwa wa kijana asiyejua kazi.

Wakakubaliana iwe siri. Tochi ndogo ikashindwa. Lehemu aliyokuwa nayo ikawa haitambai, bangili ni pana mno. Alimlalamikia dada yake, na dada akakumbuka sanduku la vifaa vya baba yao, ambaye naye alikuwa sonara. Jumanne ile walikwenda dukani pamoja, yeye kabeba sanduku.

"Alifurahi kama mtoto," alisema. "Aliushika ule waya wa Baba akaunusa."

Inspekta aliuliza kuhusu simu ya Ijumaa. Ile ladha ya chuma, sonara aliisikia kwenye chai peke yake? Dada alifikiri. Alisema hapana, alitaja na maji. Alitaja hata mate yake mwenyewe. Lakini yeye alishika chai, kwa sababu alijua kwamba wifi yake amenuna, na aliyekuwa akipika chai ni wifi.

Inspekta hakuzunguka. Alimweleza yote, kama daktari alivyoeleza: lehemu, kadimi, mdomo mpana wa tochi, blanketi dirishani, moshi. Alisema kwa sauti ileile kuanzia mwanzo hadi mwisho. Dada alisikiliza akimtazama mdomoni, kama kiziwi. Alipomaliza, redio ya jirani ilikuwa ikitangaza hali ya hewa.

"Lile sanduku lilikuwa chini ya kitanda changu," alisema dada hatimaye. "Miaka kumi na minne. Nimelala juu yake."

"Hukujua."

"Nimelipangusa vumbi kabla sijampelekea. Nikalipaka mafuta ili bati ling'ae."

Koplo alitazama sakafu. Inspekta alisema sheria haina la kumfanyia mtu yeyote katika jambo hili. Jalada litafungwa kama ajali, mwili utatolewa leo, na maelezo yake ya Jumapili yatawekewa maelezo mapya. Dada aliitikia kila neno kwa kichwa, lakini ilikuwa dhahiri hasikii. Kisha aliuliza swali ambalo Inspekta hakulitarajia.

"Wifi anajua kwamba bangili ni zake?"

"Hajui."

Hapo ndipo alipolia. Hakulia kwa sauti. Alijikunja mbele mpaka paji la uso likagusa zile sare, na mabega yakatikisika muda mrefu. Alipoweza kusema tena, alimwomba Inspekta aende yeye. Alisema mdomo uliokwenda kituoni Jumapili hauwezi kwenda kwa wifi Ijumaa.

Mjane alikuwa amekaa palepale walipomwacha Jumatano. Inspekta alimwambia kwanza kwamba hatuhumiwi tena, na mjane aliitikia ahsante kama mtu aliyepewa maji na hana kiu. Akamweleza jinsi mumewe alivyokufa. Kisha alifungua kile kitambaa cha miwani juu ya meza.

"Hizi ni zako, mama. Ni fedha ya zile ulizovua kwa ajili ya harusi ya wifi yako. Alikuwa anakurudishia mwezi huu mnaotimiza miaka thelathini ya ndoa. Ndiyo sababu ya blanketi."

Mjane hakuzigusa. Alizitazama moja, akatazama ya pili, ile iliyoungua ukingoni. Midomo yake ilitikisika kidogo, na Inspekta alielewa kwamba anahesabu siku. Alihesabu mpaka tisa.

"Huo waya aliupata wapi?" aliuliza.

Inspekta angeweza kusema ni waya wa zamani, basi. Alikuwa na taarifa ya kuandika, na taarifa hiyo ingesomwa na watu watatu kisha ikawekwa kabatini. Lakini swali liliulizwa na mtu aliyeshindishwa siku tano akiitwa muuaji.

"Ulikuwa kwenye sanduku la baba mkwe wako," alisema. "Wifi yako ndiye aliyelileta."

Mjane alifumba macho. Koplo alikuwa na kalamu mkononi na hakuandika. Kutoka nje zilisikika sauti za watu wakisogeza viti, kisha zikakoma ghafla, zote kwa pamoja. Inspekta alikwenda dirishani. Dada wa sonara alikuwa amesimama getini, peku, nguo yake imekunjamana. Wale waliomsikia Jumapili akimtaja wifi yake kwa jina la muuaji sasa walikuwa wamesikia maneno ya Inspekta kupitia dirishani, wakamtazama yeye kwa macho yaleyale waliyokuwa wakimtazamia mjane, na hakuna aliyempa kiti. Hakusogea mbele wala hakurudi nyuma.

Inspekta alimwambia mjane ni nani. Mjane alijitanda mtandio vizuri, akainuka, akatoka, akapita katikati ya viti mpaka getini. Inspekta alimfuata hatua chache nyuma, tayari kwa lolote.

Dada alipomwona anakuja alianza kupiga magoti. Mjane alimdaka kiwiko kabla hajafika chini, akamsimamisha. Walikuwa karibu sana, na hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake usoni.

"Ile wiki niliyonuna," alisema mjane, kwa sauti ya chini. "Alikuambia nini juu yangu?"

Dada alijipangusa uso kwa upindo wa nguo.

"Alicheka," alisema. "Aliniambia, mwache anune, nikimaliza atanisemesha mwenyewe. Alisema hajawahi kukuona umemwonea wivu tangu mlipokuwa vijana. Alikuwa anatembea kwa maringo, wifi."

Mjane alisikiliza. Alibaki ameshika kile kiwiko, na machozi yalianza kumtoka, ya kwanza ambayo Inspekta aliyaona tangu Jumatano. Hakuyafuta.

"Ingia ndani," alisema. "Tuna mtu wa kuzika."